Aliyepewa Nusukaputi Yuko Wapi?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: shikamooni mliotangulia, na wengine wote habari za jioni. Nilipoombwa kuja kuzungumza juu ya mtu anayeihoji imani yake kwa Mungu na kuwapo kwa roho, nilimjibu aliyenipigia simu kwamba mimi si padri, si shehe, wala sikusomea falsafa, na kwamba kazi niliyoifanya kwa miaka 26 hadi nilipostaafu ni ya kuwalaza watu kwa dawa ili wapasuliwe. Akasema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kunitafuta. Basi nitazungumza kutoka mahali nilipokuwa nimesimama miaka yote hiyo, yaani upande wa kichwa cha mgonjwa, huku mpasuaji akiwa upande wa tumbo, na kila mtu baadaye akimshukuru mpasuaji.

Wengi hawajui hata jina la kazi yetu. Wazee walituita watu wa nusukaputi, neno ambalo husemwa kwamba nusu yake tuliachiwa na Wajerumani, kwa kuwa kwao kitu kilichoharibika ni kaputt. Nimesoma majina mengi ya kitaalamu ya hali ile, lakini sijaona lililo sahihi kuliko hilo la wazee, kwa sababu mtu aliye mezani si mzima wala si mfu, na ndugu zake walioko nje kwenye benchi wanalijua jambo hilo vizuri sana, ndiyo maana hawali mpaka atoke.

Niwaeleze inavyokuwa. Mgonjwa huingizwa akiwa na gauni la kijani lililo wazi mgongoni, amevuliwa hereni na pete, anatetemeka kwa baridi ya kile chumba na kwa hofu pia. Namwekea barakoa ya oksijeni, namwambia avute pumzi ndefu kama anayenusa pilau ya jirani, na wengi hutabasamu hapo. Kisha nasukuma polepole ndani ya mshipa dawa nyeupe kama maziwa, iitwayo propofoli. Kabla dakika haijaisha maneno yanamkatikia mdomoni. Nagusa kope zake kwa ncha ya kidole, na hazipepesi. Moyo unapiga, mwili una joto, kipimo kilichobanwa kidoleni kinalia kwa mpigo wake, lakini yule mama aliyekuwa akinieleza kwamba amemwacha mtoto kwa shangazi yake hayupo. Nikimwita haitiki, na kisu kikipita hashtuki. Saa mbili baadaye nafunga dawa, namwita tena kwa jina lake, anakunja uso, anakohoa, anarudi.

Bibi mmoja, ambaye nilikwisha kumsukuma hadi chumba cha kuzindukia, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mtaanza saa ngapi?" Nilimwambia kwamba tumemaliza na kwamba ameshonwa, akadhani namtania, mpaka alipojipapasa tumbo akakuta bandeji. Mtu aliyelala usingizi wa kawaida akiamka huwa na fununu kwamba muda umepita, hata kama hajui ni muda gani. Lakini bibi yule alikuwa amekatwa saa mbili na nusu kutoka katika maisha yake, na ncha mbili za uzi zikaunganishwa bila fundo.

Tangu siku ile swali la bibi liligeuka ndani yangu likawa langu: wakati ule alikuwa wapi?

Msilione swali hili kuwa la kitoto. Wahenga wote walioketi kufikiri juu ya roho, wa kwetu na wa kwingine, walikuwa na mambo matatu ya kulinganisha nayo, usingizi, kuzimia na kifo, na hakuna hata moja waliloweza kuliwasha na kulizima kwa kipimo. Onyesho la hadharani la etha, lililofanywa Boston na William Morton, lilikuwa tarehe 16 Oktoba 1846, na kabla ya hapo mgonjwa alikuwa akishikiliwa na wanaume wenye nguvu huku anapiga mayowe. Kwa hiyo uwezo wa kumwondoa mtu katika nafsi yake saa mbili asubuhi na kumrudisha saa nne ni mgeni sana duniani. Haujafikisha hata miaka 200, na sidhani kama mafundisho tuliyorithi yamepata nafasi ya kuuzoea.

Baba yangu alikuwa katekista katika kigango kimoja cha kusini mwa nchi. Jumamosi alasiri alitupanga watoto chini ya mwembe, akiuliza maswali ya katekisimu nasi tukijibu kwa sauti moja. Nani aliyekuumba? Mungu. Tulijibu haraka sana, kwa sababu baada ya jibu la mwisho kulikuwa na mpira. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, nilimuuliza swali ambalo halikuwamo kitabuni: mtu akilala, roho yake iko wapi? Sikuchapwa wala kufokewa. Baba alifikiri kidogo akasema, "Iko palepale, inalinda nyumba." Jibu hilo lilinitosha kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka nilipoanza kusimama kichwani pa watu ambao nyumba zao zilifunguliwa kwa kisu, zikaondolewa vitu, zikafungwa kwa uzi, na mlinzi hakusema lolote.

Kuhusu swali lile la kwanza, la nani aliyekuumba, nina kisa ambacho mshairi na mwanazuoni wa Uganda, Okot p'Bitek, alikisimulia, nami nikikikumbuka hucheka kisha nikanyamaza. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi swali hilohilo. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na neno la kuumba kama lile walilolitaka wageni, swali likawa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakaona halina maana, kwa sababu mtu huzaliwa na mama yake. Wakajibu kwamba hawajui. Wageni hawakuridhika, wakasisitiza wapewe jibu. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu anaweza kuzaliwa akiwa amenyooka, kisha akapatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda, akawa kama aliyefinyangwa upya. Na pepo mbaya anayeleta kibyongo hicho aliitwa Rubanga. Akasema ni Rubanga. Wamisionari wakaandika, na tangu hapo Waacholi wakahubiriwa kwamba Rubanga ndiye Baba aliye mbinguni.

Sisimulii kisa hiki ili kuwacheka Wakristo wa Acholi, ambao leo wanalitamka jina hilo kwa heshima na wanamaanisha wanachomaanisha. Ninachokiona pale ni wale wazee, ambao jibu lao la kwanza lilikuwa la kweli kabisa, yaani hatujui, na ambao hawakuruhusiwa kubaki nalo. Chini ya mwembe wetu pia jibu hilo halikuwamo.

Na maneno yetu wenyewe hayatusaidii sana. Tuna roho na nafsi, yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, na tuna moyo, ambao ni wetu tangu zamani za Wabantu, na yote matatu tunayatumia kama sufuria moja ya kupikia kila kitu. Mtu akisema roho inamuuma, anazungumzia huzuni. Akisema fulani ana roho mbaya, anazungumzia tabia. Akisema roho yake inapenda wali wa nazi, ni hamu ya kula. Ana roho ya paka, maana yake hafi upesi. Amekata roho, maana yake ameacha kupumua. Sasa tukiulizwa kama roho ipo, tunatakiwa kujibu juu ya ipi? Kama roho ni pumzi, ipo bila shaka, na mimi nimeishika mkononi mara nyingi kuliko mlivyoshika funguo za nyumba zenu, nikikamua mfuko wa hewa mara kumi na mbili kwa dakika kwa ajili ya mtu ambaye dawa imemlegeza misuli asiweze kupumua mwenyewe. Kama roho ni uhai, ipo. Kama ni moyo wa mtu kwa maana ya ukarimu au choyo chake, ipo, waulizeni majirani zake. Roho ninayoihoji ni moja tu: ile inayosemwa kwamba si mwili wala haihitaji mwili, kwamba ndiyo mimi halisi, na kwamba siku ya siku itatoka na kuendelea kujua, kukumbuka na kusikia kama kawaida.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, maana niliwahi kupenda sana sarufi. Tunasema roho imetoka, kama tunavyosema nyumba imeanguka. Lakini tunasema Roho Mtakatifu ameshuka, kama tunavyosema mtoto ameanguka. Yaani Kiswahili kinamhesabu Roho wa Mungu miongoni mwa watu, na roho ya mtu kinaiweka pamoja na vitu. Na neno nafsi, ambalo kanisani tunaliogopa, shuleni tulifundishwa kwamba nafsi ya kwanza ni mimi na sisi, ya pili ni wewe na ninyi, ya tatu ni yeye na wao, na hapo nafsi si kitu kilichofichwa kifuani bali ni nafasi anayoishika mtu anaposema au anaposemeshwa. Sijengi hoja ya Mungu juu ya ngeli, msiniandike vibaya. Lakini nilipoirudia Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea, katika sura ya pili ya Mwanzo, nilishtuka kuona kwamba Mungu alipompulizia Adamu pumzi ya uhai, imeandikwa kwamba mtu akawa nafsi hai. Akawa, haikuandikwa kwamba alipewa. Nilikuwa nimeusoma mstari huo tangu utoto na kila mara nikasoma nilichofundishwa badala ya kilichoandikwa. Tena katika Mhubiri, sura ya tatu, mwandishi anauliza waziwazi ni nani anayejua kama roho ya binadamu hupaa juu na ya mnyama hushuka chini, na katika Matendo ya Mitume tunasoma juu ya Masadukayo, watu wa dini waliokuwa na nafasi kubwa hekaluni, ambao hawakukubali ufufuo wala malaika wala roho. Kwa hiyo mtu anayeihoji roho hajatoka nje ya mji; kuna mtaa mzima wa zamani ndani ya mji ambako watu wa aina yake walikuwa wakiishi.

Nilikuwa na mwenzangu wa zamu, Mwislamu mcha Mungu, ambaye usiku wenye kazi chache tulizoea kuketi kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo tukinywa chai ya tangawizi kutoka chupa moja. Nilimwuliza swali la bibi. Akanisomea aya ya 42 ya Sura Az-Zumar, isemayo kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa kwao, na zile zisizokufa huzichukua usingizini, kisha huizuia ile aliyoihukumia mauti na kuiachia nyingine hadi muda uliowekwa. Nikamwambia kwamba hiyo ni nzuri kuliko ya baba yangu, kwa maana angalau inakubali kwamba mlinzi ameondoka. Lakini nikamwuliza tena: je, ninaposukuma propofoli, ni mimi ninayemwamuru Mungu aichukue roho ya mtu saa mbili na dakika tano? Akacheka, akanikumbusha aya nyingine, ya 85 katika Sura Al-Israa, ambayo Mtume aliposailiwa juu ya roho aliambiwa ajibu kwamba roho ni jambo la Mola wake na kwamba watu hawakupewa elimu ila kidogo. Kwake mazungumzo yakaishia pale kwa amani. Kwangu hayakuisha, ila nakiri kwamba katika majibu yote niliyopewa na watu wa dini hilo ndilo lililokaribia zaidi lile la wazee wa Kiacholi.

Daktari na mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alituachia mfano mmoja ambao kwa mtu wa kazi yangu ni kama barua iliyoandikwa anwani yake. Alisema tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mzima, ananing'inia hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani, hana habari ya mwili wake. Mtu huyo, alisema, bado angejua kwamba yeye yupo. Kwa hiyo yeye si mwili wake. Ni mfano wenye akili sana, na kwa miaka kadhaa ulinituliza. Lakini Ibn Sina alimning'iniza mtu wake fikrani, mimi nimewalaza wangu mezani, wasioona, wasiosikia, wasio na habari ya miili yao, na nilipowauliza baadaye kama wakati ule walijua kwamba wapo, walinitazama kama niliyewauliza habari za kabla hawajazaliwa. Miligramu chache tu kwa kila kilo ya mwili wa mtu, na yule anayejua kwamba yupo hayupo. Kama kujua huko hakuhitaji mwili, kwa nini dawa ya mwili inakuzima?

Jambo lingekuwa jepesi kama dawa zote zingekuwa kama propofoli. Katika hospitali zetu za wilaya dawa iliyotubeba zaidi ni ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, kwa sababu haimkatizi mtu pumzi kirahisi na haihitaji mashine kubwa. Umeme ukikatika ketamini haijali. Mgonjwa wake hulala macho wazi, mboni zikicheza taratibu, na akizinduka huwa na habari. Wamenisimulia kwamba walijiona wako darini wakiutazama mwili wao chini, kwamba walipita katika tundu refu lenye mwanga mwishoni, kwamba walikutana na marehemu. Fundi baiskeli mmoja aliniambia kwamba alikutana na Mungu, na kwamba Mungu ni wa rangi ya chungwa lililoiva. Nilikuwa nimempiga sindano mwenyewe, nikijua ni miligramu ngapi zilizomfikisha huko. Mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake huko Uswisi walichapisha habari ya mgonjwa ambaye, kila walipoligusa kwa umeme eneo fulani la upande wa kulia wa ubongo wake, alijiona ameinuka juu ya kitanda akijitazama.

Najua mtakachosema, na mnayo haki. Pombe humfanya mtu aone nyoka wawili palipo na mmoja, lakini nyoka yupo. Kwamba dawa inaweza kuleta maono hakuthibitishi kwamba kila ono ni la uongo. Ndiyo maana naheshimu utafiti wa Sam Parnia, uliochapishwa mwaka 2014, kwa sababu ulifanya jambo la kiungwana: uliweka rafu karibu na dari katika vyumba vya hospitali, na juu ya rafu picha ambayo haiwezi kuonekana na mtu aliye kitandani, ili kama kweli kuna anayepaa moyo wake ukisimama, aione. Wagonjwa 2,060 walisimama moyo katika hospitali 15. 330 walipona, na 140 wakahojiwa. Wawili ndio waliosimulia kwamba waliona na kusikia yaliyokuwa yakitendeka, mmoja kwa namna iliyoweza kulinganishwa na matukio yenyewe, lakini wote wawili hawakuwa katika vyumba vyenye rafu. Picha hazikuonwa na mtu. Sisemi kwamba hilo limefunga mjadala. Nasema kwamba hivyo ndivyo swali linavyopaswa kuulizwa, na kwamba mpaka sasa jibu halijaja kutoka darini.

Lililonisumbua kuliko hayo yote ni jambo la mkono. Mwaka 1977 Tunstall, mtaalamu wa usingizi wa Uingereza, alieleza namna ya kumfunga mgonjwa mkono kwa mkanda wa presha kabla ya kumpa dawa ya kulegeza misuli, ili dawa hiyo isiufikie mkono, kisha akiwa amelala aambiwe: kama unanisikia, niminye. Baadhi huminya. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2017 walikuwa 12 kati ya 260. Wakizinduka hawakumbuki lolote, na wataapa kwamba hawakuwapo. Basi nani aliyeminya mkono? Siku niliposoma habari hiyo nilirudi nyumbani sikuweza kula. Kama yupo mtu aliyesikia na kuelewa na kutii, kisha akafutika bila mwenye mwili kujua, mimi nimezungumza na nani, na nimemfanyia nini, miaka yote hii? Sina jibu, na kila nadharia ya roho niliyojaribu kuiweka hapo imepwaya.

Mara nyingi hupewa mfano wa redio. Redio ikiharibika, mtangazaji hajafa, yuko studio. Vivyo hivyo ubongo ukizimwa, roho iko inakotangazia. Ni mfano mzuri na nilioutumia mwenyewe nikiwafariji watu. Shida yake ni kwamba redio ikiharibika sauti hukwaruza au hunyamaza, lakini mtangazaji hageuki kutoka kusoma taarifa ya habari kwa upole hadi kumtukana msikilizaji. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akitamka tusi, alipofika miaka themanini na kitu alishikwa na ugonjwa wa kusahau, na katika mwaka wake wa mwisho alimtukana mama yangu kwa maneno ambayo hatukujua kwamba anayajua. Alimshutumu mama kwamba ni mwizi aliyeingia nyumbani. Sala ya Baba Yetu aliikumbuka yote, kwa mwendo wake wa kanisani, na akiimaliza anarudia matusi. Padri aliyekuja kumpaka mafuta alituambia kwamba roho yake ya kweli i salama kwa ndani, haijaguswa. Alisema kwa wema. Lakini nilijikuta nikihesabu: kama wema wake wa zamani ulikuwa wa roho, na matusi ya sasa ni ya ubongo tu, nani aliyeamua kugawa hivyo, na kwa nini tusigawe kinyume? Mimi nilichokiona ni mtu mmoja, anayeliwa polepole kutoka ndani kama nguzo na mchwa, na waliompenda wakiendelea kuita mahali alipokuwa kwa jina lake.

Nimezungumza sana juu ya roho na kidogo juu ya Mungu, na wengi huyafunga mambo haya mawili kwa kamba moja, kwamba likianguka hili na lile limekwenda. Si lazima. Wajaini wa India wanaamini roho zisizohesabika na hawana Mungu muumba. Masadukayo niliowataja walikuwa naye Mungu bila roho. Mabuddha wanafundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu na bado wanazungumza juu ya kuzaliwa upya. Kwangu shaka ya Mungu ilikuja kwa mlango wake yenyewe, na haikuletwa na dawa.

Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulikuwa na mama aliyeletwa na gari la mizigo akiwa na uchungu wa siku mbili. Tulimpasua. Katikati ya kazi mtungi wa oksijeni uliisha, nikafungua wa akiba, nao ulikuwa mtupu, kwa sababu aliyeutumia mchana hakuandika kwenye daftari, na kwa sababu mimi nilipoingia zamu niliutazama kwa macho bila kufungua kilango chake. Mtungi wa tatu ulikuwa wodini, mwendo wa dakika nne. Mtoto alipona. Mama hakupona. Nilipotoka kuwaambia ndugu zake, mzee wao, mkwe wa marehemu, alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, usilie. Kazi ya Mungu haina makosa." Nami nilinyamaza. Nililiacha neno lile lifunike mtungi, lifunike daftari, linifunike na mimi. Ripoti iliandikwa, ikawekwa mahali ripoti zinapowekwa, na kwenye mazishi ilihubiriwa kwamba Mungu amempenda zaidi.

Miaka mingi nimelitafakari tendo lile la kunyamaza. Mgonjwa akipona tunasema Mungu ni mwema. Akifa tunasema kazi yake haina makosa. Oksijeni ikiwapo ni neema, isipokuwapo ni majaliwa. Nikajiuliza ni jambo gani lingeweza kutokea mle chumbani ambalo lingenifanya niseme kwamba hapa Mungu hayumo, na sikuliona. Basi sentensi ambayo iko tayari kwa kila tukio haikunieleza tukio lolote, na mbaya zaidi, usiku ule ilinisaidia kudanganya. Mzee yule hakudanganya. Alikuwa akinihurumia kwa lugha aliyokuwa nayo. Mimi ndiye niliyejua. Baada ya hapo sikuweza tena kuitamka sentensi ile, na nilipoacha kuitamka niligundua kwamba sehemu kubwa ya kile nilichokiita imani yangu ilikuwa sentensi za namna hiyo. Chini yake kilibaki kitu kidogo ambacho bado sijui nikiite nini. Hunijia mtoto anapolia kwa mara ya kwanza na chumba kizima kinacheka hata kabla hatujajua kama ni wa kiume au wa kike.

Kwa hiyo kijana aliyeniuliza mlangoni kama ninaamini au siamini, naomba radhi nilimjibu kwa haraka. Juu ya roho inayotoka na kuendelea kujua, siamini tena; nimesimama karibu mno na swichi yake. Juu ya Mungu, najibu kama wazee wa Kiacholi walivyojibu mara ya kwanza, na nawaombeni mniache nibaki nalo jibu hilo bila kunisisitiza, kwa sababu mtu akisisitizwa hutaja jina lolote. Mke wangu huenda ibadani kila Jumapili, nami humsindikiza, na kuna Jumapili ninazoimba.

Kijana aliniuliza pia, na hili sikumjibu kabisa, kama baada ya kufikia hapo niliendelea kusali na wagonjwa. Katika kazi yetu huwezi kulikwepa. Barakoa ikiwa tayari na sindano imeshachomekwa kwenye mpira wa dripu, mgonjwa hukushika mkono na kusema, "Daktari, tuombe kwanza," ingawa mimi si daktari. Au hufumba macho na midomo yake inaanza kutembea na shahada. Mpasuaji amekwisha kuvaa glovu na anatazama saa ya ukutani. Mimi nilikuwa naondoa kidole gumba kwenye sindano. Aliyetaka tuombe pamoja niliinamisha kichwa, na kama hakuwa na maneno nilimwanzishia Baba Yetu kwa mwendo ule wa baba yangu. Aliyekuwa na shahada nilimsubiri amalize, neno la mwisho kabisa, kisha nikamwambia avute pumzi ndefu.